Gari Jekundu la Sanyuanli

Enzi zile za miaka ya tisini, wenzangu mliobaki Dar mlikuwa na kombolela, rede, na barafu za ukwaju za kufyonza mpaka mfuko unabaki mweupe. Nawaonea wivu kila mnapokaa na kukumbushana. Mimi utoto wangu una harufu ya utepe wa gundi wa kufungia maboksi, na katikati yake limesimama gari moja jekundu la Kimarekani kwenye uwanja wa ghala, Sanyuanli, mjini Guangzhou. Nikilikumbuka huanza kwa kucheka. Halafu viganja vinaniloa jasho, na mimi sasa ni mtu mzima mwenye watoto wangu.

Nilikuwa na miaka tisa tulipohamia huko, mdogo wangu Zuhura ana mitano. Baba alikuwa fundi magari mtaa wa Gerezani, Dar, kabla ya kuingia kwenye biashara ya viatu. Siku hizi kila ukoo una mtu wake China, na vijana wanapanda ndege kwenda Guangzhou kama wanakwenda Kariakoo. Wakati ule Waafrika tulikuwa wa kuhesabika, na watoto Waafrika pale mtaani tulikuwa mimi na Zuhura tu. Tukitoka, wanawake walitushika nywele, wazee walisimamisha baiskeli zao watutazame vizuri. Hawakuwa wabaya, lakini mtoto akizungukwa na watu ishirini wasiosema lugha yake, haulizi kama ni wabaya.

Tuliishi ghorofa ya nne, vyumba viwili, juu ya ghala lenyewe. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa karibu mno, na ndege zilipita juu ya paa letu huku vikombe vya Mama vikigongana kabatini. Zuhura alikuwa anaingia chini ya meza kila ndege inapopita. Mimi niliona aibu kuingia, kwa kuwa ni dada mtu, nikawa nashika tu mguu wa meza. Shule hatukuwa nayo. Mama alitufundisha mwenyewe kwa madaftari aliyotoka nayo Dar, na Baba alitusomesha Kurani baada ya magharibi. Chakula kilikuwa tambi za Waislamu wa Kichina wa pale kona, wanaozivuta kwa mikono mpaka zinakuwa nyuzi, na siku msafiri akileta unga wa sembe na dagaa ilikuwa sikukuu. Mama alikuwa na kauli moja aliyoisema kila akitoka: "Mlango huu nikiufunga, miguu yenu isahau ngazi."

Kwa hiyo dunia yetu ilikuwa dirishani, na dirishani tulikuwa na mchezo.

Mchezo huo ulitoka kwa Baba. Babu yetu alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Dar mwenye Shevrole ndefu yenye mapezi nyuma, na Baba alikua akiiosha gari hiyo kila Ijumaa. Aliipenda kuliko alivyopenda shule. Alikuwa na daftari lililojaa picha za magari ya Kimarekani alizokata kwenye magazeti tangu ujana: Impala, Kadilaki, Shevrole za kila mwaka, na yale magari ya kale yaliyovuliwa boneti, injini nje, matairi ya nyuma makubwa kuliko ya mbele. "Gari lina sura kama mtu," alikuwa akituambia. "Mtazame usoni, halafu mtazame anavyoondoka." Tulijua kuyatofautisha kwa taa za nyuma kabla hatujajua majedwali ya kuzidisha. Watoto wa leo wakiona gari wanainua simu, simu inawaambia jina. Sisi simu yetu ilikuwa Baba, na ukikosea alikuona kama umekosea jina la shangazi yako.

Bahati mbaya barabara ya chini yetu haikuwa na Wamarekani. Ilikuwa na teksi zinazofanana, pikipiki, malori ya buluu, na mikokoteni iliyobeba marobota kutoka soko la Zhanxi. Hivyo tulikaa saa nzima tukisubiri kitu kirefu kitokeze. Wa kwanza kulitaja kwa jina lake anashinda, na aliyeshinda anatoa amri moja. Amri haikataliwi. Siku moja Zuhura alishinda, akaniamuru ninywe kijiko kizima cha siki nyeusi ya Kichina. Nilikunywa. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka, naye akalala chini kwa kicheko. Nikaweka moyoni.

Basi siku moja Baba akarudi nyumbani uso unang'aa, hata viatu hakuvua. Alikuwa ameona gari kwenye studio ya picha za harusi iliyokuwa inafungwa. Maharusi walikaa ndani yake kupigwa picha, likiwa limesimama tu, kwa sababu injini ilishakufa. Lilikuwa jekundu, lenye paa jeupe, mapezi nyuma, pua pana ya vyuma vinavyong'aa. "Ni lile lile," alisema, "la tajiri wa baba yangu." Angelipeleka Dar, alitie injini, alikodishe kwa harusi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza usukani uko upande gani. Baba akasema kushoto. Mama akasema kwetu ni kulia, akarudi jikoni.

Lori likalivuta mpaka uwanja wa ghala. Nililiona kwa mara ya kwanza nikiwa juu dirishani, nikarudi nyuma hatua mbili.

Lazima niwaeleze habari ya Bibi, mama yake Mama, aliyetulea Kariakoo. Bibi ndiye aliyetuambia habari za mumiani, wale wanaokamata watu na kuwanyonya damu. Mnazijua, nani katika rika letu hakuambiwa? Ila Bibi aliongeza vyake. Alisema mumiani wana gari kubwa jekundu, lenye mapazia, halina sauti. Na alisema ukiwaona usitamke, kwa sababu anayewataja ndiye anayefuata. Sasa hilo hapo chini. Kubwa. Jekundu. Mapazia ya lesi yamening'inia madirishani, yametoka nalo studio. Na sauti halina, kwa kuwa injini imekufa. Usiku huo nilimwambia Zuhura habari yote, chini ya blanketi, kwa kunong'ona, na kesho yake sote wawili tukawa tunapita mbali nalo, tumeshikana mikono. Baba alidhani tunaliheshimu. Kila asubuhi alishuka kufuta kioo cha nyuma, kile kipana kilichopinda, kwa mkono wa shati lake.

Siku ya kupakia ilifika, saa za mchana. Kontena lilikuwa juu ya lori, milango wazi. Mama alikwenda Zhanxi kumalizia viatu. Baba alikuwa ofisini na mwenye ghala, mama mmoja mfupi wa makamo ambaye sisi tulimwita Laoban, yaani bosi, tukidhani ndilo jina lake. Alitupenda, kila tukipita alitutilia mbegu za alizeti mfukoni. Mimi na Zuhura tulikuwa dirishani na amri ya Mama masikioni.

Ukapita msafara wa harusi. Mbele kabisa, ndefu, nyeupe, na maua kwenye boneti.

"Kadilaki!" nikapiga kelele.

Zuhura akafungua mdomo akiwa amechelewa. Nikaikumbuka siki. Nikamwambia, taratibu, nikilifurahia kila neno: "Amri yangu. Kakae ndani ya gari jekundu mpaka nihesabu mia."

Alinitazama. Sijasahau mpaka leo alivyonitazama. "Dada, lile?"

"Lile lile."

Hakulia. Alisema tu, "Basi hesabu kwa sauti. Nikusikie." Nikamwahidi. Tukashuka ngazi, tumeshikana mikono kama siku zote, mimi nikimpeleka.

Uwanjani wapakiaji walikuwa wamekwenda kunywa maji upande wa pili. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Zuhura aliingia nyuma, akajilaza sakafuni asionekane, akajifunika pazia moja lililokuwa limeanguka. Nikajibanza nyuma ya maboksi matupu, hatua chache tu, nikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Nilihesabu polepole makusudi. Nilipofika hamsini nilianza kumwonea huruma, nikaongeza mwendo. Nilikuwa nimefika sitini na nane wapakiaji waliporudi.

Hapa wafanyabiashara wa kwetu watanielewa. Gari haliendi tupu. Ukishalipia nafasi ndani ya kontena, hewa ya ndani ya gari ni yako pia, na kuacha hewa isafiri bure ni ujinga. Buti inajazwa, viti vinajazwa, chini ya viti panajazwa, mpaka mlango unafungwa kwa goti. Baba mwenyewe aliwaagiza hivyo. Wale watu wawili walitupa robota la kwanza kiti cha nyuma bila kutazama, kisha la pili, kisha la tatu. Nguo za watoto, nakumbuka. Wakajaza na mbele. Wakafunga milango kwa goti.

Na mimi nilisimama pale. Mdomo ulikuwa wazi na sitini na tisa imekwama kooni. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nikipiga kelele Baba atajua tumeshuka, na Mama atajua, na zaidi ya hayo yote niliwaona wale watu wawili na gari lile na mapazia yale, nikamsikia Bibi: anayewataja ndiye anayefuata. Nilidhani Zuhura atalia, nao watasikia, na mambo yatakwisha bila mimi kusema. Zuhura hakulia. Nikarudi juu mbio. Nikafunga mlango. Nikasimama dirishani.

Kutoka pale niliona kila kitu. Waliweka mbao, wakalisukuma gari likaingia kontenani kwa pua, nyuma yake ikibaki mlangoni. Wakalifunga kamba, wakaweka magogo kwenye matairi. Laoban akatoka na karatasi, milango ikafungwa, naye akatia lakiri ya forodha kwa mkono wake. Baba alikuwa pembeni yake, anatabasamu.

Mama akarudi. Akaweka mfuko mezani, akanawa miguu. "Mdogo wako yuko wapi?"

"Chooni," nikasema.

Akaendelea kukunja nguo. Baadaye akaita, "Zuhura!" Akaita tena, kwa sauti nyingine. Akafungua choo, akatazama chini ya kitanda, nyuma ya pazia, kabatini ambamo hata paka asingeenea. Halafu akashuka ngazi pekupeku, na nikasikia jina la mdogo wangu likitoka uwanjani, likizunguka jengo, likienda barabarani. Baba akaanza kukimbia. Laoban akawapigia kelele majirani, wakatoka na vijiti vyao vya kulia chakula bado mkononi. Kila mtu aliyakodolea macho magari yanayopita, maana mtoto wa miaka mitano kwenye barabara ile angekuwa wapi tena? Nilisikia Mama akisema kwa Kiswahili, akiwaambia watu wasiojua Kiswahili, "Ni mdogo, ana gauni la njano, ni mdogo."

Nilikuwa bado nimekaza mdomo. Naandika hili kwa aibu.

Dereva akawasha lori. Mngurumo ule ulipanda mpaka ghorofa ya nne, vikombe vikagongana, na mimi nikatazama chini ya meza kumtafuta Zuhura, kwa mazoea. Hapakuwa na mtu. Hapo ndipo niliposhuka. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimeshika suruali ya Baba na ninalia, "Yumo ndani! Yumo ndani ya gari!"

Baba aliruka mbele ya lori na mikono juu. Dereva akapiga breki, akatukana. Laoban akaja mbio, akaona Baba anaielekea lakiri akiwa na nondo, akasimama mlangoni mwa kontena, mikono ameitanua. "Bu xing, bu xing!" Haiwezekani. Lakiri ikishakatwa meli itapita bila sisi, karatasi zote zianze upya. Alikuwa sahihi kwa alivyojua. Na Baba Kichina chake kilikuwa cha bei na saizi za viatu. Neno la kusema mtoto wangu amefungiwa humu hakuwa nalo. Basi akashusha mkono wake, kiganja kikatazama chini, akakisimamisha hewani kwenye kimo cha Zuhura. Kisha akaonyesha kontena. Kisha akajigonga kifua.

Laoban alikitazama kile kiganja. Akageuka, akakimbilia ghalani, akarudi na mkasi wa chuma, na ni yeye mwenyewe aliyeikata lakiri.

Milango ya gari isingefunguka, kuta za kontena zilikuwa zimeibana. Kilichokuwa mbele yetu ni kile kioo cha nyuma. Baba hakukitazama mara mbili. Alikipiga nondo, kikapasuka, akakipiga tena, akaingiza mikono kwenye vigae na kuanza kuvuta marobota. Wapakiaji wakamsaidia. Nguo za watoto zikatapakaa uwanjani. Halafu akazama ndani mpaka kiunoni, na alipotoka alikuwa amebeba pazia la lesi lenye gauni la njano ndani yake.

Zuhura alikuwa amelowa kama ametolewa kisimani, uso wa kijivu, macho yamefumba. Laoban akammwagia chai ya baridi ya kwenye chupa yake, usoni, kichwani, kifuani. Mama alikuwa amepiga magoti, hagusi, anaogopa kugusa. Tukaona midomo ya Zuhura inacheza. Hakuna sauti, inacheza tu. "Anasoma sura," Mama akasema, akaanza kulia kwa nguvu. "Mwanangu anasoma sura." Kisha Zuhura akakohoa, akatapika chai, akafumbua macho.

Gari halikwenda Dar. Baba alimuuzia mtu mwingine, na daftari la picha akalifunga kwa utepe wa gundi, hakulifungua tena mpaka anakufa. Tulirudi nyumbani kabla ya Ramadhani. Mikono yake ilibaki na makovu ya vigae, na alipoulizwa alisema, "Ajali ya kazini." Mimi nilisema nilidhani yuko chooni, halafu nikakumbuka kwamba Zuhura alipenda kujificha garini. Wakaniamini. Nikawa shujaa wa ukoo. Baba aliniletea viatu vyekundu vya mkanda kutoka Zhanxi, akanivisha mwenyewe, akasema, "Hivi ni kwa sababu ulisema." Nilivivaa mara moja. Nilisema vinabana.

Miaka yote hiyo Zuhura amekuwa akiisimulia hadithi hii kwenye shughuli, na watu wanacheka anapofika kwenye mumiani. Anasema hakulia kwa kuwa aliwadhani wapakiaji ni mumiani. Humalizia kwa kunishika bega: "Huyu hapa ndiye aliyeniokoa." Nami huinamia sahani yangu ya pilau.

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya binti wa mjomba, Dar. Maharusi wa siku hizi hawaendi na gari la kisasa. Wanataka la kizamani, lipendeze pichani. Likakodishwa gari la Kimarekani, jekundu, mapezi nyuma. Wanetu wakalizunguka na simu, zikawaambia jina na mwaka, na baada ya dakika mbili wakalichoka. Nikawaza jinsi sisi tulivyosubiri dirishani saa nzima kwa ajili ya kitu kirefu kupita, na kikipita tulikuwa tunakijua mpaka taa. Wao wanajua kila kitu na hawaogopi kitu. Nimefurahi kwa ajili yao, wallahi, na bado kuna kitu nakikosa, nacho ni kule kushikana mikono kwenye ngazi.

Maharusi walipoingia ukumbini, Zuhura aliliendea gari. Mtu huyu hapandi lifti, halali mlango umefungwa. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa, vioo vyote viko chini. Nikamfuata. Akanizuia kwa mkono nikiwa hatua chache tu.

"Simama hapo hapo, Dada."

"Zuu, toka basi, twende ndani."

"Mimi sikuwa nasoma sura," akasema. "Mama alipenda kuamini hivyo, nikamwachia. Na mumiani wala sikuwaogopa sana siku ile, kwa sababu nilikuwa nakusikia. Ulifika sitini na nane. Wakaweka robota, ukanyamaza. Nikasema dada anapumzika, ataendelea."

Sikuweza kumtazama.

"Amri ilikuwa mia," akasema. "Nikangoja. Mimi nilikuwa najua kuhesabu mpaka ishirini tu, kwa hiyo nikawa nahesabu ishirini, nikimaliza naanza tena, nisije nikatoka kabla yako."

Ngoma ilikuwa imeanza ukumbini. Alikuwa anajua. Miaka yote, kila aliponishika bega mbele za watu, alikuwa anajua nilisimama pale. Nikaanza kusema samahani, akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika. Alijilaza kwenye kiti, akafumba macho, na niliona mikono yake imeshika gauni lake kwa nguvu.

"Malizia, Dada," akasema. "Kwa sauti."

Nilifungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka tisa.

"Sitini na tisa," nikasema. "Sabini."